Jiko la Upesi kwenye mizani: kuni, moshi na swali la msitu

Jiko la Upesi ni kopo la udongo uliochomwa, yaani kauri, lenye mlango mmoja wa kutilia kuni na vinundu vitatu juu vya kukalisha sufuria. Halina bati, halina chuma, halina bomba la moshi. Hujengewa sakafuni kwa mawe na tope, likakaa hapo miaka. Lilianza kuenea vijijini Kenya miaka ya 1980 likiitwa jiko la Maendeleo, kwa kuwa shirika la Maendeleo ya Wanawake lilishiriki kulisambaza. Jina la Upesi lilikuja baadaye, katika kazi iliyofanyika Magharibi na Nyanza, ambako vikundi vya wanawake wafinyanzi viligeuza utengenezaji wake kuwa biashara. Ujuzi ulikuwapo tayari. Aliyezoea kufinyanga mtungi wa maji anajua udongo upi unapasuka na upi unavumilia moto.

Uamuzi wetu ni huu. Kwa nyumba inayopika kwa kuni kila siku, Upesi ni ununuzi mzuri, na kinachopungua kwanza ni mzigo wa kuni mgongoni na kichwani. Kwa moshi, linasaidia kidogo tu, na anayeahidi zaidi ya hapo anampotosha mnunuzi. Kwa msitu, kuna mahali linasaidia na kuna mahali halihusiani na msitu hata kidogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zilikuwa zikipikia kuni, kwa hiyo jambo hili si dogo, na linastahili kupimwa kwa makini kuliko linavyotangazwa.

Kwanza, linashindana na nini? Linashindana na mafiga, na mafiga si adui mdogo. Yanabeba sufuria ya ukubwa wowote, hayagharimu chochote, hupokea gogo zima bila kupasuliwa, na usiku hutoa mwanga na joto. Udhaifu wake ni upepo. Hewa inapita pande tatu, inauvuta mwali kando, na joto jingi linapanda pembeni mwa sufuria bila kuigusa. Hata hivyo mpishi makini, aliyekinga upepo na anayesukuma kuni kidogo kidogo, hutumia kuni chache kuliko wauzaji wa majiko wanavyokiri. Ile ahadi ya "nusu ya kuni" mara nyingi hutokana na kulinganisha jiko jipya lililotunzwa na mafiga yaliyoachwa wazi upenuni. Ukilinganisha mpishi yuleyule, chakula kilekile na kuni zilezile, akiba ipo, tena ya kuonekana, lakini tarajia theluthi kabla ya kutarajia nusu.

Kazi ya Upesi ni mbili. Linafunga pande ili mwali usiyumbe, na linaweka kitako cha sufuria kwenye kimo kisichobadilika juu ya makaa. Siri iko kwenye ile nafasi kati ya sufuria na ukingo wa kauri: iwe kama sentimita 1 hadi 1.5. Ikibanwa zaidi, moto unakosa hewa na moshi unarudi mlangoni usoni mwa mpishi. Ikiwa pana zaidi, joto linatoroka na umejenga mafiga ya bei ghali.

Kuchagua kauri

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kauri mbovu na kauri nzuri hufanana ukiziona zimepangwa kando ya barabara. Iinue kauri, igonge kwa kifundo cha kidole. Iliyoiva hulia kama mtungi mzima. Iliyo na ufa wa ndani hutoa sauti butu. Kisha tazama mahali palipomegeka kidogo, kwani karibu kila moja ina kijimego. Rangi ya ndani ikiwa sawa na ya nje, nyekundu au ya kahawia iliyokolea, moto ulifika hadi ndani. Ukiona utepe mweusi katikati ya ukuta, kauri haikuiva vizuri, na itaanza kumomonyoka mlangoni, mahali kuni zinapoigonga kila siku. Ikwaruze kwa ukucha. Unga ukitoka, iache.

Upinde wa mlango ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Mfinyanzi huukata mlango udongo ukiwa bado mbichi nusu, na kisu kikiacha kona kali, ufa huanzia pale pale kwenye kona. Mlango uliosawazishwa kwa kidole kilichoroweshwa, wenye kona za mviringo, hudumu zaidi. Pitisha kidole gumba ndani ya upinde huo. Ukihisi mstari mwembamba kama unywele unaopanda kuelekea ukingoni, hata kama hauonekani kwa macho, chagua nyingine. Unene wa ukuta nao uwe sawa pande zote, karibu sentimita 3, kwa sababu upande mwembamba hupata moto haraka kuliko mnene na kauri hujivunja yenyewe. Mwisho, weka sahani au mfuniko bapa juu ya vinundu vitatu. Ukicheza, sufuria yako ya ugali nayo itacheza wakati wa kusonga, na hilo ni hatari ya kuungua, hasa kwa watoto walio karibu.

Chanzo cha kauri mbovu kwa kawaida si uzembe wa mfinyanzi. Tanuru nalo linachomwa kwa kuni, kuni zinanunuliwa, na mnunuzi anaposukuma bei chini, kitu cha kwanza kupunguzwa ni saa za kuchoma. Kingine ni kukausha. Kauri mbichi inahitaji wiki mbili hivi kivulini kabla ya kuingia tanuruni. Msimu wa mvua ndefu inahitaji zaidi. Ikiingizwa na maji ndani yake, maji yanageuka mvuke na kuta zinapasuka. Ukiweza kuchagua, nunua kauri zilizochomwa miezi ya kiangazi.

Kulijenga jikoni

Kauri bila ujenzi mzuri haina faida. Ukiiweka sakafuni peke yake na kupikia, itapasuka mapema, kwa kuwa ndani ina moto mkali na nje inapigwa na upepo wa baridi. Tope linaloizunguka ndilo koti lake.

Chagua mahali pasipokabiliana na mlango wa nyumba, ili upepo usiingie moja kwa moja kwenye mlango wa jiko, lakini karibu na dirisha. Chimba kama sentimita 5, tandaza tope, kalisha kauri juu yake na uisawazishe kwa kuweka sufuria yenye maji. Maji yenyewe yatakuonyesha upande ulioinama. Tope zuri ni udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, sehemu mbili, kwa mchanga sehemu moja, na nyasi kavu zilizokatwakatwa fupi kama urefu wa kidole. Nyasi huzuia tope lisigawanyike linapokauka. Udongo mweusi wa pamba haufai kabisa: huvimba ukiloa na kupasuka ukikauka, na jiko zima litaachana vipande.

Kabla ya kujaza mawe, paka kauri kwa nje tope jepesi lililochanganywa na majivu mengi, unene wa kidole kimoja. Hatua hii ndogo ndiyo inayorukwa zaidi na ndiyo inayookoa kauri nyingi. Kauri inapopata moto hutanuka. Ikiwa imebanwa na tope gumu na mawe pande zote haina pa kwenda, na ufa wa wima hutokea siku za kwanza. Majivu hubaki laini na kuipa nafasi. Kisha zungusha mawe au matofali na tope hadi unene wa sentimita 10 mpaka 15. Simamisha tope sentimita 2 chini ya ukingo. Likifunika vinundu, umeziba njia ya moshi na sufuria itakuwa imekaa juu ya mfuniko wa udongo.

Liache likauke. Wiki mbili, au tatu kama mvua inanyesha. Halafu washa moto mdogo wa vijiti kwa muda mfupi, siku tatu mfululizo, kabla ya kuliwekea chakula cha kwanza. Wajenzi wa haraka husema unaweza kupika kesho yake. Jiko lililowashwa likiwa bichi hutoa mvuke kutoka ukutani, linakula kuni nyingi kuliko mafiga kwa sababu moto unakausha tope badala ya kupika, na mwenye nyumba huamua siku hiyo hiyo kwamba ameibiwa.

Unene wa koti una gharama yake, na ni haki mnunuzi aijue. Tope hunyonya joto. Ukichemsha chai ya dakika kumi asubuhi, sehemu ya moto inaishia kwenye kuta, na Upesi halitayashinda mafiga kwa mengi. Ukichemsha mahindi na maharagwe kwa saa mbili au tatu, kuta zikishapata moto zinashika joto na unaweza kupunguza kuni hadi kijiti kimoja. Nyumba inayopika vyakula vya kuchemka muda mrefu ndiyo inayopata akiba kubwa. Anayepika vitu vya haraka haraka atafurahia zaidi jiko jepesi la kuni lenye bati nje, lile linalobebeka, ingawa halidumu sana.

Kuni zenyewe

Hakuna jiko linalorekebisha kuni mbichi. Kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Kilo moja ya kuni kama hiyo hutoa takriban megajuli 8. Kilo moja iliyokauka hadi kubaki na maji asilimia 20 hutoa kama 14. Yaani kwa kukausha tu, kabla ya kununua chochote, unapata zaidi ya mara moja na nusu ya joto kwa kila kilo unayotia motoni. Kukausha ni kazi ya wiki kadhaa: pasua kuni ziwe nene kama vidole viwili au vitatu, zipange juu ya miti miwili ili zisiguse ardhi, zifunike juu na kuacha pembeni wazi upepo upite. Kuni zilizolazwa chini huvuta unyevu na kuleta mchwa.

Upasuaji huo ndio malalamiko ya kweli ya watumiaji. Mlango wa Upesi haupokei gogo. Kupasua kuni kunataka shoka, nguvu na muda, na mara nyingi shoka ni la mume na muda ni wa mke. Mradi wowote unaogawa majiko bila kuuliza nani atapasua kuni umehesabu akiba na kusahau kazi. Panapopatikana vijiti vya kalliandra au sesbania, ambavyo ni vichaka vya shambani, tatizo hupungua, kwa kuwa vinakatwa kwa panga na vina unene unaofaa.

Namna ya kulisha moto ni rahisi kuieleza na ngumu kuizoea. Vijiti viwili au vitatu kwa wakati mmoja, vikilala juu ya jiwe dogo mlangoni ili hewa ipite chini yake. Ukiujaza mlango, hewa inazibwa. Dalili zake zinaonekana: mwali unatoka nje kulamba upinde wa mlango, na chini ya sufuria masizi yanakuwa mazito na yenye kung'aa kama lami. Masizi makavu, ya unga, yanayofutika kwa jani, yanaonyesha moto unapata hewa. Majivu yazolewe kila asubuhi. Yakifika nusu ya mlango, umepunguza jiko kwa nusu.

Jinsi ya kupima bila maabara

Maabara huchemsha maji na kutoa asilimia. Asilimia hiyo inamfaa mhandisi anayelinganisha maumbo ya majiko, lakini haimwambii mpishi atapunguza safari ngapi za kuni. Watafiti wa maisha ya vijijini hupima nyumbani, na njia yao mtu yeyote aweza kuifuata. Unahitaji mizani ya kuning'iniza, kamba na daftari.

Pima rundo la kuni asubuhi, litenge, na mwambie mpishi atumie hilo tu. Kesho yake saa ileile pima kilichobaki. Fanya hivyo siku tatu au nne kwa mafiga, kisha siku idadi hiyohiyo kwa Upesi, baada ya mpishi kulizoea angalau wiki mbili. Kila siku andika waliokula. Mwanamume wa miaka 15 hadi 59 huhesabiwa 1, mwanamke 0.8, mtoto wa chini ya miaka 15 0.5, mzee wa kiume wa zaidi ya miaka 59 0.8. Gawa kilo kwa jumla hiyo. Bila hesabu ya walaji, siku moja ya wageni inaharibu kila kitu. Usipime wiki yenye matanga, mtihani wa shule au mvua iliyolowesha kuni. Na usisimame jikoni ukimtazama mpishi, kwa sababu anayetazamwa huchochea moto kwa uangalifu asio nao siku zote.

Utaona pia jambo ambalo karatasi za mradi hazilitaji: mafiga hayaondoki. Nyumba nyingi hubaki nayo nje kwa sufuria kubwa za sherehe na matanga, kwa chakula cha mifugo, kwa maji ya kuoga. Hilo si kosa la mpishi. Kauri ina kipimo kimoja na sufuria zina vipimo vingi. Ila akiba ya nyumba ni jumla ya majiko yote, si ya lile jipya peke yake, kwa hiyo pima rundo zima.

Moshi

Upesi halina bomba. Moto ukiwa mzuri moshi unapungua, hasa wakati wa kuchemsha polepole, lakini wakati wa kuwasha na kila unapoongeza kuni moshi unajaa chumba. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha mikrogramu 5 za chembe laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa kama wastani wa mwaka. Chumba cha kupikia cha nyasi kisicho na dirisha hufikia mamia, na moto ukiwa wa kuni mbichi hupita elfu. Ukipunguza elfu kwa nusu, bado uko mbali sana. Kule Malawi, utafiti mkubwa uliochapishwa 2016 uliwapa watu majiko ya kuni yenye feni, safi kuliko Upesi, na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000, lakini nimonia haikupungua. Tunaliandika hili waziwazi kwa sababu kuna mama atakayenunua jiko hili akiamini linamkinga mtoto mchanga, kisha akaendelea kumbeba mgongoni akiwa anachochea.

Kinachosaidia ni cha kijenzi zaidi: mwanya kati ya ukuta na paa, dirisha upande wa pili wa chumba, kuni kavu, na mtoto kukaa nje ya chumba cha kupikia wakati wa kuwasha. Wanaoweza kupikia gesi hata chai na uji wa asubuhi tu wanapunguza saa za moshi zaidi kuliko kubadilisha jiko moja la kuni kwa jingine. Faida moja ya Upesi kwa usalama ni ya uhakika: moto umefungwa ndani ya ukuta, kwa hiyo watoto hawaangukii makaa wala kanga haishiki mwali kirahisi.

Swali la msitu

Matangazo husema kila jiko linaokoa miti. Kauli hiyo ilizaliwa miaka ya 1970, wataalamu walipojumlisha watu, wakazidisha kwa kuni za kila mmoja, wakalinganisha na misitu inayojulikana na kutabiri kwamba miti ingeisha. Hesabu ilikosea mahali muhimu: haikuhesabu miti ya mashambani.

Kakamega, magharibi mwa Kenya, ndiko kosa hilo lilikoonekana wazi. Katika miaka ya 1980, mradi wa Kenya Woodfuel Development Programme ulipiga picha kutoka angani na kuzunguka mashamba. Watu walikuwa wamesongamana, mashamba madogo, lakini miti ilikuwa mingi: michongoma ya mipaka, mikaratusi, miti iliyopandwa na wenye shamba wenyewe. Palipokuwa na watu wengi zaidi, mara nyingi palikuwa na miti zaidi. Na bado wanawake wale wale wa mashamba yale walikuwa wakitafuta kuni mbali au kuchoma mabua ya mahindi. Sababu haikuwa uhaba wa miti, ilikuwa umiliki. Mti uliosimama ulikuwa mali ya mwanamume, akiba ya nguzo, ya kuuza, ya karo ya shule. Mila katika sehemu hizo zilimzuia mwanamke kupanda mti, kwa kuwa kupanda ni kama kudai ardhi. Ndiyo maana mradi ule uligeukia vichaka kama kalliandra na sesbania: kichaka hakikuhesabiwa kuwa mti, mwanamke aliweza kukikata bila ruhusa, na kinachipua tena.

Somo la jiografia hilo ndilo linalopaswa kuamua unatarajia nini kwa Upesi. Kuni zako zikitoka kwenye ua wako mwenyewe, jiko halitaokoa msitu wowote. Litaokoa muda, mgongo na pengine pesa, na hizo ni sababu tosha. Zikitoka kwenye Msitu wa Kakamega au mlima wowote unaopungua, basi kila mzigo unaobaki una maana kwa msitu. Kuni zikiwa za kununua, faida inaonekana kwenye pochi kila wiki, na ndiko tunakolipendekeza jiko hili kwa nguvu zaidi. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba, kwa mwaka 2009, kati ya asilimia 27 na 34 ya kuni na mkaa uliovunwa ulizidi uwezo wa miti kuota tena, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa maeneo yenye hali mbaya zaidi. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kuni duniani haikuwa ikimaliza miti, na hiyo nyingine imejikusanya mahali maalumu. Anayeuza jiko kwa hoja ya msitu aonyeshe kwanza kuni za kijiji hicho zinatoka wapi.

Jambo hili lina fedha ndani yake. Majiko mengi hutolewa leo kwa bei ya chini kwa sababu akiba ya kuni huhesabiwa kuwa hewa ukaa isiyotolewa angani, na hati zake huuzwa kwa makampuni ya mbali. Uchunguzi uliochapishwa 2024 wa miradi ya namna hiyo uligundua kwamba, kwa jumla, ilidai akiba karibu mara 9 ya iliyokuwapo kweli. Makosa yalitoka hasa palepale tulipopataja: kudhani msitu unapungua kila mahali, kudhani jiko linatumika kila siku, kusahau mafiga yaliyobaki. Kwa mwanakijiji, jiko la ruzuku bado ni jiko, na halina ubaya kulipokea. Soma tu fomu kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa kwa kawaida unaikabidhi haki ya hewa ukaa ya jiko lako, na uulize mambo mawili: kauri ikivunjika nani anaibadilisha, na atakayekuja kukagua atakuja mara ngapi.

Matengenezo

Likijengwa vizuri na kauri ikiwa imeiva, tarajia miaka mitatu hadi mitano. Kila baada ya mwezi hivi, siriba nje kwa tope la samadi na majivu, ukijaza nyufa kabla hazijaungana. Ufa wa wima kwenye kauri usikutie wasiwasi, tope litaishikilia na jiko litaendelea kufanya kazi. Ufa wa mlalo chini ya ukingo ni jambo jingine: sehemu ya juu inaweza kuhama na sufuria ya moto ikamwagika. Kinundu kikivunjika, usiweke kijiwe badala yake. Kijiwe huteleza, na kimo kikibadilika ile nafasi ya sentimita 1.5 imepotea. Upinde wa mlango ukimomonyoka hadi mlango ukawa mkubwa kama ngumi mbili zaidi ya ulivyokuwa, muda wa kubadilisha umefika.

Kubadilisha hakuhitaji kubomoa yote. Lowesha tope, kata kuzunguka kauri kwa panga, itoe, ingiza mpya yenye kipenyo kilekile pamoja na tope jipya la majivu, kisha fuata tena ukaushaji ule ule. Hakikisha unapima kipenyo cha nje kabla ya kwenda sokoni, kwani vikundi tofauti hutumia kalibu tofauti. Vipande vya kauri ya zamani mrudishie mfinyanzi wako. Vikitwangwa na kuchekechwa, hutiwa kwenye udongo mbichi kuupa uwezo wa kuvumilia moto, na kauri iliyotiwa unga huo hupasuka mara chache zaidi tanuruni.